Asidosisi na mzunguko wa damu kwenye figo

Asidosisi ni hali ya tindikali kurundikana mwilini hadi pH ya damu ikashuka chini ya 7.35. Kwa mtu mwenye afya kipimo hicho hucheza kati ya 7.35 na 7.45. Mapafu hukilinda kwa kutoa hewa ya ukaa, figo kwa kutoa tindikali kwenye mkojo na kurudisha bikaboneti, inayozimua tindikali, kwenye damu.

Figo zote mbili hazifikii asilimia 1 ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita 1 kwa dakika. pH ikienda chini ya 7.2, moyo hulegea, mishipa ya mwili hutanuka na shinikizo la damu huanguka. Mwili hujitetea kwa homoni za kubana mishipa, na ile midogo ya figo hubanwa mapema. Damu inayochujwa hupungua, na tindikali iliyopaswa kutoka hubaki ndani.

Kipindupindu huonyesha jambo hili vizuri. Kuhara huondoa maji na bikaboneti kwa pamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20, wagonjwa wengi waliookolewa na dripu ya maji ya chumvi walikufa siku chache baadaye, mkojo ukiwa umekatika. Leonard Rogers huko Calcutta, India, na Andrew Sellards huko Manila, Ufilipino, waliongeza bikaboneti ya sodiamu, chumvi ya jamii moja na magadi ya kulainishia maharage, na vifo vya figo vikapungua.

Maji ya chumvi nayo yana dosari yake. Dripu ya asilimia 0.9 ina milimoli 154 za kloridi kwa lita. Damu ina kama 100. Kloridi ikizidi kwenye mirija ya figo, seli maalumu huuamuru mshipa unaoingiza damu ujibane. Utafiti wa Nottingham, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba lita 2 za dripu hiyo zilipunguza damu ya figo hata kwa watu wazima wasio na ugonjwa. Lawama za kloridi na za tindikali si rahisi kuzitenganisha, kwani huja pamoja.

Ndiyo sababu mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa hupewa kwanza dripu ya Ringer yenye lakteti, ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti. Pakiti ya ORS (chumvi ya kunywa ya kurudisha maji mwilini) ya lita 1 ina gramu 2.9 za sitrati kwa kazi hiyohiyo. Mchanganyiko wa chumvi na sukari za jikoni hauna kitu hicho.