Wanawake wa Algeria na Kamera ya Jeshi, 1960



Ndugu zetu, akina baba, akina mama na wanafunzi, leo tunataka kuzungumza habari ya picha. Hatuingii katika mas-ala ya picha kujuzu au kutojuzu, maana wanazuoni wameyaandika na kila upande una hoja zake. Tunaloliuliza ni jambo dogo lililo kabla ya hayo: yule anayepigwa picha, ameombwa ruhusa?

Tuanze na historia. Wafaransa waliingia Algeria mwaka 1830, na vita vya kudai uhuru vilianza tarehe 1 Novemba 1954. Jeshi la Ufaransa lilipoona kwamba wapiganaji wanalishwa na kufichwa na watu wa mashambani, liliwahamisha watu hao kwa nguvu, takriban milioni 2, likawaweka katika kambi chini ya ulinzi wake. Kisha likataka kila mtu awe na kitambulisho, ili anayetoka na anayeingia ajulikane. Sisi wa hapa Bujumbura, ambao tumezoea kusimamishwa njiani tukiulizwa karangamuntu, hatuhitaji kuelezwa kazi ya karatasi hiyo.

Kitambulisho kinataka picha. Mwaka 1960 alikuwako huko askari kijana wa Kifaransa aitwaye Marc Garanger, umri wake miaka 25, katika kituo cha Aïn Terzine, kusini ya mji wa Algiers. Aliitwa jeshini kwa lazima na vita vile hakuvipenda, lakini alikuwa fundi wa kupiga picha, basi mkuu wake akampa kazi hiyo. Wanawake waliletwa mmoja mmoja, wakaketishwa kwenye kigoda nje ya nyumba, nyuma yao ukuta mweupe. Amri ilikuwa wavue ushungi. Kwa muda wa siku 10 hivi alipiga picha wanawake wapatao 2,000, na siku nyingine walifika 200.

Hebu fikirini, mwanamke ambaye hajapata kuonekana uso na nywele zake na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, leo amekaa mbele ya askari mgeni, hatua moja tu baina yao, na bunduki zipo. Hakusema hapana. Angeisema vipi? Lakini ukizitazama picha zile utaona macho yamekaza, midomo imefumbwa, mwengine ni kama anamlaani anayemtazama. Garanger mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliyaona malalamiko yao katika macho, ingawa hawakutamka neno.

Mambo hayakuishia kwenye ofisi ya jeshi. Mwaka 1961, vita bado vinaendelea, baadhi ya picha zilichapishwa katika gazeti moja la Uswisi, kwa kuwa alitaka dunia ijue yanayotendeka. Mwaka 1966 alipewa tuzo ya Niépce ya wapiga picha huko Ufaransa, na mwaka 1982 kikatoka kitabu kizima cha nyuso zile. Nia yake hatuitilii shaka. Ila nyuso zilizofunuliwa kwa amri mbele ya mtu mmoja sasa zimefunuliwa mbele ya kila mwenye kununua kitabu.

Alirudi Algeria mwaka 2004 kuwatafuta. Baadhi yao walimpokea vizuri, na wako ambao picha ile ndiyo pekee waliyokuwa nayo ya ujana wao. Hili nalo tulitaje, isije ikadhaniwa kwamba kila mtu huichukia picha yake.

Sasa turudi kwenye adabu yetu. Sura An-Nur inatufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa. Na katika Bukhari imo habari aliyoisimulia Sahl bin Saad (r.a.), ya mtu aliyechungulia kwa tundu ndani ya nyumba ya Mtume (s.a.w.), naye Mtume ana kichanuo anajikunia kichwa. Mtume alimkemea vikali, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Yule mtu hakuingia wala hakuiba, alitazama tu. Na jicho lake lilisahau baada ya muda. Kamera haisahau.

Tunayasema haya hali sisi wenyewe tumekosa. Ramadhani moja tuligawa unga, mchele na tende kwa familia za mtaani, na wafadhili walikuwa wametaka picha. Tukawapanga akina mama mstari, kila mmoja ameshika fungu lake, tukapiga. Tuliuliza, naam, tulisema, "Mama zetu, tunaomba picha kidogo." Nani angekataa, na chakula kiko mikononi mwetu? Mama mmoja aligeuza uso ukutani. Tukamwambia, "Bi mkubwa, tazama huku," akatazama.

Miezi mitatu baadaye mwanawe, mwanafunzi wetu, aliacha kuja chuoni. Picha ilikuwa imefika kwenye simu za wenzake, wakimwita mtoto wa futari. Tulikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Tuliwaandikia wafadhili wazifute picha zile, wawili walijibu.

Tangu hapo tunapiga picha magunia tu. Kijana amerudi darasani, alhamdulillah. Mama yake bado huja kuchukua fungu lake alfajiri, kabla ya watu, na kabla ya kupokea hutazama kwanza mikono yetu.