Zuhura na Mshtarii zikikaa pembetatu kwenye chati yako ya kuzaliwa, maana yake nini?

Umeweka tarehe yako ya kuzaliwa kwenye programu ya nyota, na katikati ya majibu ukakuta hii: Zuhura iko pembetatu na Mshtarii. Wengi wakiiona wanasoma "mapenzi na pesa" tu, basi, wanafunga simu wakitabasamu. Kuna zaidi ya hapo.

Chati ni ramani ya anga ya saa uliyozaliwa, kwenye duara la nyuzi 360 lenye nyota 12, kila moja nyuzi 30. Sayari mbili zikiachana nyuzi 120, yaani theluthi ya duara, ndiyo pembetatu. Ptolemy, aliyeandika kule Alexandria, Misri, katika karne ya 2, aliiweka kwenye kundi la maelewano kwa sababu nyota zinazoachana hivyo ni za jinsi moja, zote za kiume au zote za kike. Siku hizi hutajwa zaidi asili yake: Kaa, Nge na Samaki, kwa mfano, zote ni za maji.

Tuseme Mshtarii iko nyuzi 10 za Kaa, Zuhura nyuzi 12 za Nge. Zimeachana nyuzi 122. Si 120 kamili, lakini wanajimu wengi huruhusu kupishana hadi nyuzi 8 hivi. Kadiri inavyokaribia 120, ndivyo wanavyoipa uzito.

Zuhura husomwa kama mapenzi, uzuri na starehe. Mshtarii ni ukunjufu na kuongezeka. Zote mbili tangu zamani huitwa sayari za heri, kwa hiyo mwenye pembetatu hii husemwa kuwa mkarimu, anapendeka, na watu humfungulia milango bila kubisha sana. Tatizo ni hilohilo la kutobisha. Wanajimu makini husema wepesi huu huzaa uvivu, kipaji kikalala, na mkono ukawa wazi mno: ananunua, anakopesha, anakopa, akiamini nyingine zitakuja. Haisemi popote kwamba zitakuja kweli.

Halafu, si yako peke yako. Mshtarii hukaa karibu mwaka mzima kwenye nyota moja, na Zuhura kwa kawaida husogea nyuzi 1 na kidogo kwa siku. Pembetatu yao hudumu kama wiki mbili, na kila mtoto anayezaliwa duniani siku hizo anayo, tajiri na maskini.

Ndiyo maana anayekutoza hela "kukusafishia nyota" au kuiongezea nguvu hana pa kusimamia hata ndani ya unajimu wenyewe. Chati ya kuzaliwa ni mahali sayari zilipokuwa siku ile; haioshwi, haiongezwi. Na nje ya unajimu, jaribio la Shawn Carlson lililochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1985 liliwapa wanajimu chati pamoja na maelezo ya tabia za watu watatu, wamtambue mwenye chati. Walipatia takribani mara 1 katika 3, sawa na kubahatisha.

Ukitaka kuisoma tu kwa kujifurahisha, angalia saa kwanza. Kosa la kawaida kwetu ni kuandika saa 2 asubuhi kama 2:00 badala ya 8:00. Saa 6 hizo haziivunji pembetatu ya Zuhura na Mshtarii, ila nyota inayochomoza na nyumba zote zinahama. Na programu ikikuambia Zuhura yako iko pembetatu na Jua lako, ifute: Zuhura haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 48.