Kutoka Kabete hadi viti vya duara

Kwetu, mtoto akikataa kusikia aliambiwa atapelekwa shule ya watukutu. Hakuna aliyetuambia iko wapi. Kwa Nairobi ilikuwa Kabete, ambako serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha kurekebishia watoto mwaka 1909.

Mtoto alikwenda huko peke yake. Nyumbani, chumba kilibaki kilekile, ugomvi uleule, na wadogo zake wakitazama. Aliporudi alikuta mambo kama alivyoyaacha, ila suruali zake ndizo hazikumtosha tena.

Majina yamebadilika. Tangu Sheria ya Watoto ya 2001 tunaziita shule za urekebishaji. Getathuru, huko Lower Kabete, hupokea wavulana kutoka mahakamani wachunguzwe kabla ya kugawanywa kwingine. Dagoretti ni ya wasichana. Safari, hata hivyo, ni ileile: mjini kuelekea magharibi, mtoto bila wazazi.

Mmoja wa walioufuata uzi wa mtoto hadi nyumbani alianzia katikati ya jiji. Miaka ya 1970 madereva wa mjini waliwajua vizuri paking boi, wavulana waliowaonyesha pa kuegesha gari ili watupiwe sarafu. Padri Arnold Grol, Mholanzi wa Wamisionari wa Afrika, alianzisha shirika la Undugu kwa ajili yao mwaka 1973. Lakini chokoraa naye ana mama, na mama ana kodi ya nyumba. Haikuchukua muda Undugu ikawa Mathare, Pumwani na Kibera, ikishughulika na watu wazima pia.

Matabibu nao walikuwa wamelifikia jambo hilo kwa mlango mwingine. New York, miaka ya 1950, daktari Peter Laqueur aliwakalisha wagonjwa wake wa akili pamoja na jamaa zao, familia kadhaa chumba kimoja. Baadaye kituo cha Marlborough cha London kilifanya hivyo kwa watoto waliozishinda shule: mzazi aliingia darasani na mwanawe, wazazi wengine wakiona. Katika vikao hivyo tabibu husema machache. Mama humsikiliza zaidi mama mwenzake kuliko mtaalamu mwenye daftari, jambo ambalo chama chochote cha akina mama Kawangware kingemwambia Laqueur bure.

Kwetu, Sheria ya Watoto ya 2022 imeongeza uzito wa haya. Umri wa chini wa kushtakiwa umepanda kutoka miaka 8 hadi 12, na kesi nyingi za watoto zinaweza kumalizwa nje ya mahakama. Yaani mtukutu anabaki nyumbani. Sasa nyumba hiyo ifanywe nini?

Zoezi moja la tiba hiyo ya familia kadhaa pamoja halihitaji kifaa chochote zaidi ya viti vya plastiki. Mama na mwana hubadilishana nafasi. Mama anaingia saa tatu usiku, mikono mfukoni, amenuna. Mvulana amesimama mlangoni, mkono kiunoni: “Hii nyumba ni lojingi? Babako ndiye alikufunza hivi?” Maneno ni ya mama, hadi pumzi anayovuta katikati. Wanawake wengine kwenye duara wanacheka kwanza, kisha mmoja anaacha kucheka na kumgeukia binti yake. Zamu yao inafuata.