Mfupa wa Tanga

Mafuta ya mbuzi hayana subira. Nyama ikikaa kidogo kwenye ubao hapa Kenyatta Market, yanaganda meupe kando ya chumvi. Mzee mmoja, mstaafu wa serikali aliyefuatilia mambo ya nishati miaka mingi, aliyaparuza kwa kijiti cha meno: ndivyo yalivyo mafuta ya Hoima, Uganda. Bomba lisipopashwa moto nyuzi 50 hivi, hayaendi popote. Kisha akapanga mifupa: huu Hoima, huu Lokichar ya Turkana, huu Lamu pwani yetu. Wa Tanga, Tanzania, aliusukuma kule kwenye kachumbari, kwa kinyongo cha wazi.

Aprili 23, 2016 ndipo mfupa huo uliposhinda na kulipata bomba.

Uganda iligundua mafuta 2006, Turkana, hapa Kenya, ikafuata 2012. Agosti 2015 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Museveni wa Uganda walikubaliana bomba lipite kaskazini mwa Kenya hadi Lamu. Miezi miwili tu baadaye Uganda ilikuwa ikitia saini makubaliano ya awali na Tanzania.

Mzee hayo aliyapita haraka. Alitaka kufika Machi 2016. Marais hao wawili walikuwa wamekutana Nairobi, bila kuafikiana, wakawatuma wataalamu wakajionee bandari zenyewe. Waziri wetu wa Nishati, Charles Keter, akafika Tanga na ujumbe wake. Pasipoti zikachukuliwa, na bandarini hawakuingia, Waganda wakapita. Waziri mzima, mzee alirudia, amesimama uwanja wa ndege kama mtu aliyekuja bila mwaliko! Hapo jirani za meza nao waliacha kutafuna. Mmoja akasema Magufuli, Rais wa Tanzania wakati huo, alijua anachokifanya. Mwingine akasema huo si ujirani. Kilo nyingine ikaagizwa.

Mwezi uliofuata, Kampala, Uganda ikatangaza: Tanga. Kilomita 1,443, na 296 tu kati ya hizo ndizo zilizoko Uganda.

Kisa cha pasipoti ni kitamu, na nadhani ndiyo sababu tunakipenda: kinamweka mkosaji ng'ambo ya mpaka. Lakini Tanga ilikuwa na bandari inayofanya kazi tangu zamani. Lamu, ambako Rais Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mradi wa bandari, barabara na bomba wa Lapsset Machi 2012, haikufungua gati lake la kwanza hadi Mei 2021. Mpeketoni, mji wa kaunti hiyo hiyo ya Lamu, ulikuwa umeshambuliwa na magaidi 2014, na Total ya Ufaransa, yenye usemi mkubwa katika mafuta yale, haikuficha kwamba inahofia usalama wa njia yetu. Ongeza bei ya ardhi, ambayo hapa kwetu hupanda mara tu ramani ya mradi inapoonekana. Pasipoti za Keter hazikuhusika na lolote kati ya hayo.

Nilipomwambia mzee hivyo, alinitazama kama kijana asiyeijua kazi ya serikali.

Kenya iliapa kujenga bomba lake yenyewe, Lokichar hadi Lamu. Badala yake mafuta ya Turkana yalibebwa na malori hadi Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya mapipa 200,000 ikauzwa nje. Mwaka 2023 tukagombana tena na Uganda, safari hii juu ya petroli inayopitia kwetu, wakatushtaki katika mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Mwaka uliofuata tukapatana.

Mhudumu alikuja kupangusa ubao. Mzee aliuzuia mfupa wa Lamu kwa kidole.