Kuagana na jeshi langu la udongo

Samahani sana kwa kupotea. Mwenzenu nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, na huko ukitaka mtandao lazima upande kilima na simu uinyooshe juu kama unaomba mvua. Nimerudi chuoni juzi Jumapili nikiwa na begi moja tu. Kitu kilichonichukua karibu mwezi mzima kukitengeneza nimekiacha hukohuko, na mpaka leo nikifumba macho nakiona.

Kitu chenyewe ni uwanja wa vita. Msicheke! Nilipangiwa kufundisha upinzani dhidi ya ukoloni kwa Kidato cha Tatu, na si mnajua tunavyohubiriwa hapa chuoni kuhusu zana za kufundishia. Nikaamua kutengeneza mfano wa shambulio la boma la Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, kwenye vita vya Maji Maji. Nilichukua mlango wa kabati uliovunjika, nikajenga kilima kwa magazeti na uji wa unga wa ngano, nikamwaga vumbi la mbao nililolipaka rangi ya kijani. Boma nililitengeneza kwa maboksi. Askari na wapiganaji niliwafinyanga kwa udongo, 160 kwa jumla, kila mmoja na kimo cha kiungo cha kidole, mikuki yao ni njiti za kiberiti. Usiku umeme ukikatika nilifinyanga kwa mshumaa.

Sasa siku ya kuondoka, kondakta wa basi aliuangalia ule mlango wenye kilima juu yake, akaniangalia mimi, akasema, "Dogo, hiyo ni siti tatu." Basi, nikaurudisha shuleni.

Njia nzima nilikuwa namfikiria Mwingereza mmoja anayeitwa William Siborne. Nilisoma habari zake muhula uliopita nikitafuta mambo ya namna vita vinavyoandikwa, na sikudhani kama kuna siku tutafanana. Leo nataka niwasimulie habari zake, kisha nitarudi kwenye mlango wangu.

Kwanza, tujue kwamba kucheza na kuonyesha vita mezani si mambo ya watoto peke yao. Mwaka 1812 Mprusia mmoja, Baron Georg Leopold von Reisswitz, alimkabidhi Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita aliyoibuni mwenyewe, yenye vipande vya ardhi unavyoweza kuvipanga na kuvipangua upate mto hapa na kilima pale. Mtoto wake akauboresha mchezo ule mwaka 1824, na jeshi la Prussia likautumia kuwafundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha sheria za kupigana kwa askari wa kuchezea sakafuni. Mpaka leo Ulaya na Marekani kuna watu wazima, wana kazi zao na familia zao, wanaopaka rangi askari wadogo mmoja mmoja kwa brashi nyembamba na kuwajengea mashamba na vijiji vya kusimama. Mtu akihamia nyumba ndogo, meza ile haiingii mlangoni, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Mimi nawaelewa kabisa.

Siborne alizaliwa mwaka 1797. Vita vya Waterloo, vilivyomwangusha Napoleon tarehe 18 Juni 1815 katika nchi inayoitwa Ubelgiji leo, yeye hakupigana. Alifika Ufaransa baadaye mwaka huohuo, na jeshi lililobaki kulinda amani. Kipaji chake kilikuwa kuchora ardhi. Aliandika vitabu viwili vya upimaji na uchoraji wa ramani, cha mwaka 1822 na cha mwaka 1827. Kwa hiyo mwaka 1830 mkuu wa majeshi ya Uingereza, Lord Hill, alipotaka utengenezwe mfano wa uwanja wa Waterloo, kazi alipewa Luteni Siborne.

Hapa ndipo nilipompenda. Alikwenda akaishi miezi minane kwenye nyumba ya shamba ya La Haye Sainte, katikati kabisa ya uwanja wa mapigano, akipima kila mteremko. Kisha akawaandikia barua maofisa waliokuwa hai waliopigana siku ile. Aliwauliza: kikosi chako kilikuwa wapi mnamo saa moja jioni? Adui aliyekuwa mbele yako alikaaje? Na shamba ulilosimama, lilikuwa na mazao gani? Jamani, mazao! Alitaka kujua palikuwa ngano au shamba tupu, ili apake rangi sahihi. Majibu yakaanza kumiminika, mamia ya barua. Kwa wanahistoria wa enzi zile lilikuwa jambo geni, kuwauliza mashahidi wengi namna ile swali moja kwa mpango.

Fedha ikaleta shida mapema. Mwaka 1833 serikali ikakataa kuendelea kulipia. Mtu mwingine angefunga mafaili yake, lakini Siborne akaendelea kwa mfuko wake na kwa kukopa, huku akifanya kazi yake ya ofisini katika makao ya jeshi Dublin, Ireland. Mfano ulikamilika mwaka 1838 na uligharimu karibu pauni 3,000, fedha nyingi kweli kwa luteni wa wakati ule.

Na ulikuwa mfano hasa. Urefu wake unazidi mita 8 na upana unakaribia mita 6, umegawanywa vipande ili uweze kusafirishwa (hilo wazo mimi sikulipata, ndiyo maana kondakta akanikataa). Juu yake palipangwa askari wapatao 75,000 wa bati na risasi, kila mmoja na kimo cha milimita 10 hivi. Oktoba 1838 ulionyeshwa London, kwenye ukumbi ulioitwa Egyptian Hall, mtaa wa Piccadilly. Watu wapatao 100,000 walikwenda kuutazama, kila mmoja kwa shilingi moja ya Kiingereza. Pigeni hesabu: shilingi 20 ni pauni moja, kwa hiyo ziliingia kama pauni 5,000. Hata hivyo Siborne hakurudisha fedha zake. Watu wakaondoka wamefurahi, yeye akabaki na madeni.

Ila deni lilikuwa tatizo dogo ukilinganisha na ugomvi wa Waprusia. Siku ile ya Waterloo, Duke wa Wellington hakupigana peke yake. Jeshi la Prussia chini ya Blücher lilifika alasiri na kuingia kwa nguvu upande wa kijiji cha Plancenoit, kuliani mwa Wafaransa. Siborne aliuliza pande zote, Waprusia wakiwamo, na majibu yalionyesha kwamba kufikia saa moja jioni Waprusia walikuwa wengi na wameshaingia ndani ya mapigano. Akawapanga hivyohivyo. Watu wa karibu na Wellington hawakupendezwa. Kwao, ile saa moja ilikuwa saa ya ushindi wa Waingereza walipowarudisha nyuma walinzi maalumu wa Napoleon, na mtazamaji akiona Waprusia wamejaa pembeni anaweza kuuliza hivi ushindi ni wa nani. Wellington alikuwa shujaa wa taifa na aliwahi kuwa waziri mkuu. Siborne alikuwa ofisa mdogo mwenye madeni, na tumaini lake kubwa lilikuwa serikali iununue mfano wake.

Mwishowe aliwapunguza. Waprusia wengi wakaondolewa mezani.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilimkasirikia. Miezi minane shambani, mamia ya barua, halafu unang'oa askari kwa sababu wakubwa wamenuna? Na serikali yenyewe haikununua. Aliandika historia yake ya vita ile, ikatoka mwaka 1844. Akatengeneza hata mfano wa pili, wa sehemu moja tu ya mapigano, akitumaini kwamba safari hii mambo yatanyooka. Hayakunyooka. Akafariki mwaka 1849, na mfano mkubwa ukanunuliwa baada ya kifo chake na taasisi ya wanajeshi. Leo uko National Army Museum, mtaa wa Chelsea huko London, na Chelsea ndiko Siborne alikofanya kazi miaka yake ya mwisho, kwenye shule ya watoto wa askari.

Sasa turudi Morogoro.

Mfano wangu niliuweka chumba cha walimu kabla ya kipindi. Mlinzi wa shule, mzee wa makamo ya babu yangu, akapita kuchukua funguo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akainama kwenye mlango wangu akaangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Mwalimu, hawa weupe wote waliomo bomani umewahesabu wapi?"

Maana ndani ya boma, wadau, nilikuwa nimepaka kila mmoja rangi nyeupe. Nje weusi, ndani weupe, mwanafunzi aelewe kwa haraka nani ni nani. Na nilikuwa nimesoma! Nilijua fika kwamba jeshi la Wajerumani huku kwetu lilikuwa la maofisa wachache wa Kizungu na askari wengi Waafrika. Nilijua, ila nilirahisisha.

Nikajaribu kujitetea, kwamba ni kwa ajili ya watoto. Yule mzee akasema taratibu, "Mimi ni mtu wa Mahenge. Kwetu tunasimuliwa kwamba babu wa baba yangu alikuwa nje na mkuki. Shemeji yake alikuwa ndani na bunduki. Sasa huyo shemeji hapa yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliandika maneno yake kwenye daftari, pamoja na mengine aliyonisimulia jioni ile getini. Kesho yake nikamweleza mwalimu mmoja mzoefu kwamba nataka kuwapaka upya askari wa bomani. Akanishauri niache. Utawachanganya wanafunzi, alisema, mtihani hautaki hayo, na wewe mwenyewe bado unasubiri maksi za mazoezi. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kuhusu maksi kilikuwa kweli. Nikafundisha kipindi na askari weupe. Kikaenda vizuri, wanafunzi walipiga makofi. Nilirudi chumbani nikiwa na aibu ambayo hakuna mtu aliyeiona.

Ndipo nilipoanza kumhurumia Siborne. Yeye alielemewa na madeni, mimi nilikuwa naogopa maksi tu, na bado niliinama.

Lakini kuna jambo moja alilolifanya ambalo lilinisaidia. Askari mezani aliwapunguza, ila barua hakuzichoma. Alizitunza zote, za waliomuunga mkono na za waliompinga. Mwaka 1891 mtoto wake, Herbert Taylor Siborne, alichapisha sehemu yake kama kitabu, na barua zenyewe ziko Maktaba ya Uingereza. Wanahistoria wanaoubishania mfano ule hadi leo, waseme alikosea au alionewa, wanatumia ushahidi alioukusanya yeye mwenyewe. Meza ilipita mikononi mwa watu wenye nguvu kuliko yeye, ila mtu akitaka kujua nani alikuwa wapi saa moja jioni, anaweza kwenda kusoma.

Kwa hiyo usiku wa mwisho kabla ya safari, mlango wangu ukiwa umeshakataliwa na basi, nilikaa nao chumba cha walimu. Nikachanganya masizi ya sufuria na rangi ya kahawia, nikawapaka askari wa bomani mmoja baada ya mwingine, nikabakiza weupe wachache. Zile kofia zao nyekundu zilinishinda, wakaonekana kama wamevaa nyanya. Pembeni nikabandika karatasi yenye maneno ya yule mzee kama alivyoyasema, pamoja na swali moja kwa wanafunzi: kwa nini mtu awe ndani na shemeji yake awe nje?

Sijui kama kuna mwalimu atakayelitumia swali lile. Panya wa stoo ile nawafahamu, na unga wa ngano wanaupenda. Inawezekana kilima cha Mahenge kimeshaanza kuliwa. Nilipokuwa natoka alfajiri nilimkuta yule mzee dirishani, anachungulia ndani kwa tochi. Hakunisifia. Alisema tu, "Sasa yupo," akanibebea begi mpaka barabarani.

Daftari ninalo hapa, sitaliacha popote. Kwa wenzangu wa ualimu mtakaokwenda mazoezini mwakani: tengenezeni mifano, ila mjue mtaiacha. Mlichoulizwa na mlichojibiwa andikeni, mrudi nacho.

Haya, kengele ya kafeteria imelia na bumu halijaingia, acha nikawahi wali maharage kabla foleni haijafika nje. Tutaonana wiki ijayo, Mungu akipenda.