Damu ya Wasamburu na jedwali la Framingham

Mwaka 1956 jarida la madaktari, East African Medical Journal, lilichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja tu. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni duniani: mishipa inayoulisha moyo ilikuwa imeziba. London au Boston, mgonjwa wa aina hiyo asingeandikwa popote zaidi ya kwenye faili lake. Huku kwetu aliandikwa kwa sababu alikuwa Mwafrika. Hugh Trowell, mmoja wa waandishi wa taarifa hiyo, alikuwa ametibu watu Kenya na Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na ugonjwa huo kwa Waafrika ulikuwa nadra kiasi kwamba mgonjwa mmoja alitosha kuwa habari.

Kwa nini ulikuwa nadra? Swali hilo lilianza kutafutiwa jibu kwenye damu, na jibu lenyewe limechukua zaidi ya miaka 60 bila kukamilika. Leo mtu akipokea karatasi ya maabara yenye kolesteroli, LDL na HDL, anashika matokeo ya historia ambayo sehemu yake kubwa iliandikwa Marekani na Ulaya. Sehemu nyingine iliandikwa Kampala, kwenye malisho ya Wasamburu na Wamasai, na kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Sehemu hii ya pili hatusimuliwi vya kutosha.

Kampala ya miaka ya 1950 ilikuwa mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Waafrika na watu wenye asili ya Asia waliishi katika mji mmoja, lakini mioyo yao iliugua tofauti kabisa. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya kolesteroli vya makundi yote mawili. Waafrika walikuwa na kiwango cha chini. Wenye asili ya Asia walikuwa na kiwango cha juu zaidi, na ndio waliokuwa wakipatwa na mshtuko wa moyo. Damu ilikuwa inakubaliana na yale ambayo madaktari waliyaona wodini.

Tuhuma dhidi ya kolesteroli zilikuwa na umri wa nusu karne tayari. Mwaka 1910 mkemia Mjerumani Adolf Windaus alionyesha kwamba ukuta wa mshipa mkuu uliougua una kolesteroli nyingi mno kuliko ule mzima. Mwaka 1913, huko St. Petersburg, Nikolai Anitschkow na Semen Chalatow waliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti, na mishipa ya wanyama hao ikaanza kuota utando mnene wa mafuta. Wenzao hawakushawishika. Sungura hula majani, walisema, na panya na mbwa waliolishwa hivyohivyo hawakuugua. Ugunduzi huo ulikaa pembeni kwa miongo kadhaa, na ninaamini kukaa kwake pembeni kuligharimu maisha ya wengi.

Kilichobadilisha mambo ni kifo cha mkubwa. Rais Franklin Roosevelt alifariki Aprili 12, 1945 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, baada ya kuishi miaka mingi na shinikizo la damu ambalo madaktari wake hawakuwa na dawa nzuri ya kulishusha. Miaka mitatu baadaye, Harry Truman alitia saini sheria iliyotenga fedha za kuchunguza magonjwa ya moyo, na mwaka huohuo wa 1948 ukaanza utafiti katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Wanaume na wanawake 5,209 walikubali kupimwa kila baada ya miaka miwili, wakiwa wazima, na kufuatiliwa mpaka ugonjwa au mauti. Ubunifu mkubwa ulikuwa hapo. Daktari hakusubiri mgonjwa aje amelazwa kwenye machela. Alichukua damu ya mtu mzima, akaiandika, akangoja miaka.

Mwaka 1961 William Kannel na wenzake walitangaza walichokiona: mwanaume wa miaka 40 hadi 59 mwenye kolesteroli inayozidi miligramu 244 kwa desilita alikuwa na hatari zaidi ya mara tatu ya yule mwenye chini ya 210. Tangu hapo mshtuko wa moyo ukaacha kuhesabiwa kuwa ajali ya ghafla. Ukawa jambo linaloweza kukadiriwa miaka mingi kabla.

Lakini wakati Framingham ikisubiri, Shaper alikuwa ameshaelekea kaskazini mwa Kenya, kwa Wasamburu. Hawa walikuwa fumbo. Chakula chao kikuu kilikuwa maziwa yenye mafuta mengi, yakiongezewa nyama na damu ya ng'ombe. Kwa hesabu ya sungura wa St. Petersburg, mishipa ya morani ingepaswa kuziba mapema. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1962 ulikuta kinyume chake: kolesteroli yao ilikuwa chini, na shinikizo la damu halikupanda kadiri umri ulivyosogea, tofauti na ilivyokuwa Ulaya. Baadaye Shaper na wenzake waliwafuatilia vijana wa Kisamburu walioingia jeshi la Kenya, wakala chakula cha kambini chenye chumvi nyingi. Shinikizo lao la damu likaanza kupanda. Kwangu huu ni mmoja wa uchunguzi wenye nguvu zaidi uliowahi kufanywa katika ukanda huu, kwa sababu kabila lilikuwa lilelile na vijana walikuwa walewale. Kilichobadilika ni maisha.

Kusini zaidi, Tanganyika, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwapima wanaume 400 wa Kimasai. Mann hakuwa mgeni wa jambo hili, maana aliwahi kufanya kazi kwenye utafiti wa Framingham wenyewe. Matokeo yake ya mwaka 1964 yalifanana na ya Wasamburu: maziwa na nyama tele, kolesteroli ya chini, dalili chache mno za ugonjwa wa moyo. Wengi walitamani kuishia hapo na kutangaza kwamba mafuta hayana neno. Mann mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa miili ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na mishipa yao haikuwa safi hata kidogo. Mafuta yalikuwa yamejipaka ukutani. Ila mishipa hiyo ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyoongezeka, damu ikaendelea kupata njia. Mann aliamini ni kwa sababu ya kutembea kwao kusikoisha. Wengine, katika utafiti wa mwaka 1971, walisema miili ya Wamasai inajua kupunguza utengenezaji wa kolesteroli pale inapoingia kwa wingi kupitia chakula.

Mabishano hayo yalichapishwa Marekani na Uingereza, yakasomwa huko, yakanukuliwa huko. Katika makala hizo Wasamburu na Wamasai ni jibu la fumbo la watu wengine. Walichangia damu ili ifahamike kwa nini mfanyakazi wa ofisi huko Nashville anakufa na miaka 50. Siwalaumu watafiti hao kwa kuuliza. Walifanya kazi ngumu, mbali, na waliandika walichokiona hata kilipowapinga. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna aliyebaki hapa kwa miaka 20 au 30 akiwafuatilia watu walewale na watoto wao, kama Framingham ilivyofanya ilipowaandikisha watoto wa washiriki wake mwaka 1971.

Wakati huo kipimo chenyewe kilikuwa kinachambuliwa zaidi. Kolesteroli haielei peke yake kwenye damu. Husafiri imebebwa na protini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 John Gofman, huko Berkeley, alitumia mashine inayozungusha damu kwa kasi kubwa mno kuitenganisha mizigo hiyo kulingana na uzito wake. Kutokana na kazi hiyo tukapata LDL, inayopeleka kolesteroli kwenye mishipa, na HDL, ambayo Framingham ilionyesha mwaka 1977 kwamba wenye kiwango cha juu chake huugua kidogo. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas wakaeleza namna ini linavyoikamata LDL na kuiondoa kwenye damu, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Akira Endo wa Japani, baada ya kupekua maelfu ya kuvu, akapata mwaka 1973 kemikali iliyozaa statini, dawa za kushusha kolesteroli. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 ulimaliza ubishi: aliyemeza statini alipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 30. Kipimo cha damu kilikuwa sasa kimepata dawa yake.

Bado kuna watu wanaopatwa na mshtuko wa moyo na kolesteroli yao ni ya kawaida. Paul Ridker wa Boston aliwatazama hao kupitia CRP, protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili unapopambana na jeraha au vimelea. Iligunduliwa mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia. Ridker alionyesha mwaka 1997 kwamba wanaume wazima wenye CRP iliyoinuka kidogo hupatwa na mshtuko wa moyo zaidi, na mwaka 2008 utafiti wa watu 17,802 wenye LDL isiyo ya juu lakini CRP iliyopanda ulionyesha kwamba statini inawasaidia. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kipimo hiki kinahitaji tahadhari. Malaria, kifua au kidonda chochote huipandisha CRP mara nyingi zaidi ya kiwango kinachotafutwa kwenye moyo. Kipimo kimoja, kilichochukuliwa wiki ambayo mtu ametoka kuugua, hakisemi lolote kuhusu mishipa yake.

Kiashiria kinachotuhusu zaidi kiligunduliwa Oslo mwaka 1963 na Kåre Berg. Kinaitwa Lp(a). Kinafanana na LDL, ila kimefungwa protini ya ziada. Kiwango chake kwa sehemu kubwa hurithiwa, na tofauti na LDL, mtu akipunguza mafuta kwenye sahani hakishuki kwa kiasi cha maana. Watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana Lp(a) ya juu kuliko Wazungu. Kwa muda mrefu madaktari walijiuliza kama kwetu kina madhara yaleyale.

Kwenye suala la chakula ndipo Lugalawa inapoingia, kijiji cha milimani katika wilaya ya Ludewa, Tanzania. Watafiti wa Italia wakiongozwa na Paolo Pauletto walilinganisha wanakijiji wa huko, ambao karibu chakula chao chote kilitoka shambani, na wenzao Wabantu waishio kando ya Ziwa Nyasa, waliokula samaki kila siku. Matokeo yalitoka katika Lancet mwaka 1996. Watu wa ziwani walikuwa na shinikizo la chini, kolesteroli ya chini, na jambo lililowashangaza wengi, Lp(a) ya chini. Labda, walisema wakosoaji, ni suala la urithi tu. Pengine watu wa ziwani wana aina nyingine ya protini hiyo. Mwaka 1999 timu ya Santica Marcovina ililipima hilo moja kwa moja. Hata baada ya kuzingatia ukubwa wa protini anayorithi kila mtu, wala samaki walibaki chini. Kitu kilichodhaniwa hakiguswi na chakula kilikuwa kimeguswa, na aliyekigusa ni samaki wa Nyasa. Matokeo haya yangestahili kufundishwa katika kila shule ya udaktari nchini.

Urithi wa Kiafrika umetoa pia dawa. Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas waligundua kwamba baadhi ya Wamarekani weusi wamezaliwa na jeni ya PCSK9 iliyoharibika, na uharibifu huo unawafaa: LDL yao iko chini maisha yote. Mwaka 2006 walionyesha kwamba kati ya Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa, asilimia 2.6 walikuwa na jeni hiyo, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata mojawapo ya mabadiliko hayo ya jeni iliripotiwa pia kusini mwa Afrika. Sindano zinazoiga hali hiyo ziliidhinishwa mwaka 2015. Bei yake iko mbali mno na mfuko wa wengi wa watu ambao damu yao ilifungua njia.

Viashiria hivi vinapojumlishwa na umri, jinsia, uvutaji wa sigara, kisukari na shinikizo la damu, hutoa makadirio ya uwezekano wa kuugua ndani ya miaka 10. Jedwali lililoenea zaidi lilitoka Framingham mwaka 1998, kwenye damu ya mji ambao karibu wakazi wake wote waliopimwa walikuwa Wazungu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya kwa kanda 21, Afrika Mashariki ikiwemo, na toleo moja halihitaji maabara kabisa: badala ya kolesteroli na sukari linatumia uwiano wa uzito na urefu. Ni hatua kubwa kwa zahanati isiyo na kemikali za kupimia. Hata hivyo msingi wa majedwali hayo ni watu 376,177 ambao wengi wao ni wa nchi tajiri, kisha hesabu zikarekebishwa kulingana na makadirio ya kila ukanda.

Na ugonjwa si nadra tena. Huko Moshi, watafiti waliopima troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapokufa, waliwachunguza watu waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kushindwa kupumua. Zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa na mishipa ya moyo iliyoziba au inayoziba wakati huohuo, na wachache mno ndio waliokuwa wameandikiwa hivyo na daktari. Miongo sita baada ya taarifa ya Trowell, madaktari wengi bado wanafundishwa na mazoea kwamba mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa watu wengine.

Kinachokosekana ni kile ambacho Framingham ilikuwa nacho: watu wetu wenyewe, wakifuatiliwa kwa miaka. Kimeanza. Mradi wa AWI-Gen umechukua damu ya watu wazima wapatao 12,000, wengi wa miaka 40 hadi 60, katika vituo sita vya Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Kituo cha Kenya ni mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, na washiriki wamerudiwa kupimwa tena. Tanzania haimo.