Ndoo za Kuku na Nyimbo za Pioneer Hall

Mwaka 1934, katika shamba la matunda la Buena Park, California, Cordelia Knott aliwaandalia chakula cha jioni wateja wanane. Alikaanga kuku, akampakua kwenye vyombo alivyopewa siku ya harusi yake, na kila mteja akalipa senti 65. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na shamba la mumewe, Walter, lilihitaji kila senti iliyoweza kupatikana. Habari za kuku yule zilienea upesi. Baada ya miaka michache foleni ilikuwa imezunguka nyumba, watu wakisubiri meza kwa saa kadhaa.

Walter akaona aibu kuwaacha wageni wamesimama juani bila la kutazama. Akawajengea bustani ya miamba na maporomoko madogo ya maji, kisha kuanzia 1940 akawawekea kijiji kizima cha nyumba za mbao, mfano wa miji ya Magharibi ya Marekani iliyohamwa dhahabu ilipokwisha. Hivyo ndivyo Knott's Berry Farm ilivyotoka kuwa shamba ikawa bustani ya burudani. Wanaosimulia historia ya bustani hizi hupenda kuanza na treni za kuteremka kwa kasi na majumba ya kifalme. Haki ingekuwa kuanza jikoni kwa Cordelia, kwa sababu pale chakula ndicho kilichotangulia na burudani ikaja kumsaidia mtu mwenye njaa asubiri.

Upande wa pili wa nchi mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1953 kundi la waigizaji lilianzisha ukumbi wa Barksdale ndani ya nyumba ya wageni ya zamani huko Hanover, Virginia. Palikuwa mbali na mji, na mtu hawezi kusafiri barabara yote ile usiku kwenda kutazama mchezo akiwa na tumbo tupu. Waigizaji wakaanza kupika. Barksdale hutajwa kuwa mojawapo ya kumbi za kwanza kabisa za Marekani zilizouza tiketi moja ya chakula na mchezo, na mtindo huo ukasambaa majimboni katika miaka ya 1960 na 1970.

Walt Disney aliyaunganisha mambo hayo mawili, chakula na jukwaa. Alilijua vizuri shamba la akina Knott, na alipojenga Disneyland, Anaheim, kilomita chache tu kutoka hapo, aliweka katika sehemu ya Frontierland baa ya kizamani yenye jukwaa, pazia na roshani, iitwayo Golden Horseshoe. Mchoraji wake alikuwa Harper Goff. Tarehe 13 Julai 1955, siku nne kabla ya bustani kufunguliwa, Walt na mkewe Lillian walisherehekea humo miaka 30 ya ndoa yao mbele ya wageni walioalikwa. Kwa hiyo onyesho la kwanza la Golden Horseshoe Revue lilikuwa sherehe ya familia, na jambo hilo halikupotea katika maonyesho yaliyofuata.

Nyota wake alikuwa Wally Boag, mchekeshaji aliyepitia majukwaa ya vodevili, aliyejua kufinyanga wanyama kwa maputo na kutema maharage kana kwamba meno yake yameng'oka kwa ngumi. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa wiki mbili. Alistaafu mwaka 1982. Betty Taylor, aliyejiunga mwaka 1956 kama Slue Foot Sue, mwenye baa, aliendelea hadi onyesho lilipofungwa mwaka 1986. Lilikuwa limechezwa mara zaidi ya 39,000. Kijana mmoja aliyefanya kazi Disneyland wakati huo alikuwa akiingia kumtazama Boag tena na tena na kujifunza lini asubiri na lini aachie mzaha. Kijana huyo, mchekeshaji Steve Martin, amemwita Boag shujaa wake.

Kulikuwa na pengo moja. Disneyland haikuuza pombe, na baa ile ya wachunga ng'ombe iliuza soda ya Pepsi, mfadhili wake. Zaidi ya hayo, milango ya bustani inafungwa usiku. Mgeni akishatoka, pesa zake za chakula cha jioni zinakwenda kwenye mikahawa ya barabarani ambayo si mali ya Disney.

Hapo ndipo Florida inapoingia. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 kwenye ardhi kubwa mno, na safari hii kampuni ilijenga hoteli zake yenyewe humo humo. Mgeni hakuwa wa mchana tu tena. Alilala, akaamka, na kati ya machweo na usingizi palikuwa na saa nne au tano zilizotaka kujazwa. Hoteli ya Polynesian ikaanzisha karamu ya ngoma za visiwa vya Pasifiki. Tarehe 19 Novemba 1971 ikafunguliwa Fort Wilderness, kambi ya mahema na matrela katikati ya misonobari, ambako watu huzunguka kwa basi au kuvuka ziwa kwa mashua.

Kambini hapakuwa na ukumbi. Mwaka 1974 ukajengwa, ukaitwa Pioneer Hall: jengo la magogo 1,283 ya msonobari mweupe yaliyoletwa kutoka Montana, yakachongwa na kupachikwa kwa mikono, na ndani likawekwa dari ya juu, roshani na jukwaa dogo. Mwaka ule haukuwa mzuri. Mgogoro wa mafuta ulioanza Oktoba 1973 ulikuwa umewakatisha tamaa Wamarekani kusafiri kwa magari, na bustani inayotegemea familia zinazoendesha kutoka mbali ililihisi pigo hilo moja kwa moja. Kwa ukumbi mpya, katika mwaka wa aina hiyo, walitafuta kitu rahisi. Wanafunzi wa vyuo waliokuja kufanya kazi ya likizo walipewa onyesho la majira ya joto la kuwaburudisha walaji. Likizo ikaisha, wanafunzi wakarudi madarasani, lakini wageni walikuwa wanaendelea kuliulizia. Tarehe 5 Septemba 1974 waigizaji wa kulipwa wakachukua nafasi zao, na Hoop-Dee-Doo Musical Revue ikaanza rasmi.

Mwandishi wake alikuwa Larry Billman. Alichokiandika ni chepesi ukikisoma. Wasafiri sita, wanaume watatu na wanawake watatu, wanafika ukumbini na kukuta watu wamekaa mezani, basi wanaamua kuwaimbia. Kuna Johnny Ringo na Claire de Lune, Jim Handy na Flora Long, na wachekeshaji wawili, Six Bits Slocum na Dolly Drew. Nyuma yao wanakaa mpiga piano na mpiga banjo. Hakuna hadithi zaidi ya hiyo, wala mitambo mikubwa, wala filamu ukutani.

Uhodari uko katika jinsi chakula kilivyoshonwa ndani ya mchezo. Anayeingia kwa mara ya kwanza, akiwa na rafiki aliyewahi kufika, huwa anadhani atakula kisha atatazama. Rafiki yake ananyamaza na kumwacha agundue mwenyewe. Kuku wa kukaanga na mbavu za nguruwe huletwa ndani ya ndoo za bati, pamoja na maharage na mkate wa mahindi, na ndoo ikiisha inaletwa nyingine. Bia na divai iliyochanganywa na matunda humiminwa bila kuhesabiwa, jambo lililowezekana kwa sababu kambi hii iko nje ya milango ya bustani. Ndani ya Magic Kingdom, bustani ya Disney World iliyo upande wa pili wa maji, pombe haikuruhusiwa mpaka mwaka 2012. Waigizaji wanatoka wageni wakianza kushughulika na mifupa. Keki ya stroberi haiji kimyakimya: ina wimbo wake na dansi yake. Vitambaa vya kupangusia mikono vinazungushwa hewani ukumbi mzima, na wageni wanapewa mbao za kufulia wazikwaruze kama ala.

Wahudumu nao wamo mchezoni. Wanabeba sinia kwa kufuata mpigo wa muziki, na lazima meza zote zipate kitindamlo kabla wimbo haujaisha. Mtu aliyewahi kuhudumu kwenye karamu ya watu mia mbili tatu anaelewa hiyo ni kazi ya namna gani, hasa kwa kuwa ukumbi hujazwa na kusafishwa hadi mara tatu kwa usiku mmoja. Sifa za onyesho hili zimewaendea mno watunzi wa nyimbo, na kidogo mno hao wenye ndoo.

Dolly hufanya kile anachofanya mshereheshaji hodari kwenye harusi za Dar es Salaam: anajua majina. Kabla pazia halijafunguka ameshapewa orodha ya wenye siku za kuzaliwa, wanandoa wapya na waliotimiza miaka 25 au 50, na anawainua mmoja mmoja, anawatania, anawaimbia. Kisha Six Bits anachagua wageni kadhaa, kwa kawaida wale waliojificha nyuma ya glasi zao, na kuwavisha kofia za ngozi ili waigize maisha ya Davy Crockett, shujaa wa hadithi za walowezi. Meza zimepangwa kwa urefu, hivyo marafiki wawili walioingia peke yao hujikuta wamepakana na familia wasiyoifahamu, wakipasiana ndoo. Kufika kitindamlo wote wameshajuana, kwa sababu mmoja wao amefedheheshwa hadharani na wengine wamemshangilia. Sherehe ile ya ndoa ya mwaka 1955 ilihamia hapa na kupewa watu baki.

Siri ya kudumu kwa onyesho hili iko hapo. Onyesho lenye mitambo huzeeka mitambo inapozeeka. Hili linategemea watu sita wanaojua kazi yao na chumba kilichojaa watu wanaokula, na kila usiku chumba ni kipya.

Wengine walijaribu kwa nguvu zaidi. Mwaka 1983 Medieval Times, iliyotoka Hispania, ilifungua ngome yake ya kwanza ya Marekani huko Kissimmee, jirani na Disney World, ikawakalisha wageni kuzunguka uwanja wa mchanga watazame mashujaa wakipigana juu ya farasi huku wakila kuku kwa mikono bila uma. Mwaka 1988 mwimbaji Dolly Parton alifungua Dixie Stampede huko Pigeon Forge, Tennessee, yenye farasi na mashindano kati ya Kaskazini na Kusini. Disney nayo ilipofungua bustani yake karibu na Paris, tarehe 12 Aprili 1992, iliweka Buffalo Bill's Wild West Show, yenye farasi na nyati, kwa kumbukumbu ya maonyesho ambayo William Cody, yaani Buffalo Bill mwenyewe, aliyapeleka Paris mwaka 1889.

Hapa pana jambo lisilostahili kufunikwa kwa muziki wa banjo. Maonyesho haya yote yanauza historia pamoja na chakula, na historia inayouzwa mara nyingi ni ile isiyomharibia mlaji hamu. Mwaka 2018 kampuni ya Parton iliondoa neno Dixie, jina la utani la majimbo ya Kusini, katika jina la onyesho lake baada ya kukosolewa kwa kugeuza vita vya wenyewe kwa wenyewe, vita vya utumwa, kuwa mchezo wa kushangilia timu. Pioneer Hall imebeba jina la walowezi waliokwenda Magharibi, lakini imesimama Florida, ambako Waseminole walipigana na jeshi la Marekani kuanzia 1835 hadi 1842 wakikataa kuhamishwa kwa nguvu kwenda ng'ambo ya Mississippi. Na Davy Crockett wa kweli, mbunge kutoka Tennessee, alipiga kura ya kuipinga sheria ya mwaka 1830 iliyowahamisha wenyeji. Kura hiyo ilikuwa tendo la ujasiri kuliko lolote analoigizwa akilifanya mwenye kofia ya ngozi. Ingeweza kuingia kwenye mzaha mmoja bila kumnyima mtu kuku wake.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kulijali hili. Tangu mwaka 1998 bustani ya Animal Kingdom, hapo hapo Disney World, ina kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, na hoteli ya Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina migahawa iitwayo Jiko na Boma. Sisi pia tumo kwenye menyu. Ni halali kuuliza nani anaandika maneno yanayosemwa mezani kwa niaba yetu.

Machi 2020 janga la UVIKO-19 lilifunga kila kitu, na maonyesho ya chakula yaliumia kuliko mengine: watu wengi, chumba kimoja, vinywa wazi, sahani za kupasiana. Karamu ya Polynesian, yenye umri unaokaribia wa Disney World yenyewe, haikurudi tena. Onyesho la Buffalo Bill huko Paris nalo lilikoma mwaka huo huo. Hoop-Dee-Doo ilikaa gizani zaidi ya miaka miwili, na mashabiki wake wengi walikuwa wameshaanza kuiomboleza.

Tarehe 23 Juni 2022 ilifunguliwa upya. Maandishi yaliguswa hapa na pale na mavazi yakafanyiwa kazi, ila wahusika wakabaki sita, kuku akabaki kwenye ndoo ya bati, na keki ya stroberi ikabaki na wimbo wake. Mwaka 2024 ilitimiza miaka 50, na miongoni mwa walioketi kwenye meza zile ndefu wapo walioletwa na wazazi wao katika miaka ya 1970 na sasa wanawaleta wajukuu. Wanaotaka nafasi karibu na jukwaa bado wanalazimika kuweka meza mapema sana, na wanaosafiri wawili wawili bado wanakalishwa na wageni wasiowajua.